Kuifungua 18,446,744,073,709,551,615

Ndugu walimu, wanafunzi, na wapenzi wote wa hesabu,

Nimeandika namba moja tu ubaoni: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu 20. Ukianza kuisoma kwa maneno utaanzia kwenye kwintilioni 18, na kabla hujafika kwenye ile kumi na tano ya mwisho, anayekusikiliza ameshasahau ulikoanzia. Leo nimekuja kuizungumzia hii tu. Nataka tuifungue kwa kalamu na karatasi, kigawo kimoja baada ya kingine, mpaka pasibaki cha kufunguliwa. Vikokotoo viacheni mifukoni. Hatutavihitaji.

Wengi wenu mnajua ilikotoka. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja mwenye hekima, aitwaye Sissa, alimfurahisha mfalme kwa kumtengenezea mchezo wa sataranji. Mfalme akamwambia ataje zawadi aitakayo. Sissa akaomba ngano: punje moja kwa chumba cha kwanza cha ubao, mbili kwa chumba cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kila chumba kipate maradufu ya kile kilichokitangulia, hadi vyumba vyote 64 viishe. Mfalme akaona ni ombi dogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini haba inayojirudia maradufu haitosheki na kibaba wala ghala. Tuseme punje moja ina uzito wa miligramu 40. Zawadi ya Sissa ingefika tani bilioni 738 hivi, na kwa mavuno ya ngano ya dunia nzima ya miaka yetu hii, yaliyo karibu na tani milioni 800 kwa mwaka, ingechukua zaidi ya miaka 900 kuilipa.

Jumla yenyewe ni rahisi kuipata kuliko inavyoonekana. Jumlisheni 1 na 2, mnapata 3. Ongezeni 4, mnapata 7. Ongezeni 8, mnapata 15. Kila mara jumla ya vyumba vyote mlivyopita ni pungufu kwa moja tu ya chumba kinachofuata. Kwa hiyo ubao mzima unatoa 2⁶⁴ − 1, yaani mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mpaka zitimie mbili 64, kisha ukatoa moja.

Namba hiyo hiyo inajitokeza pengine. Mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi: visahani vilivyopangwa kwa ukubwa kwenye kijiti, vya kuhamishiwa kijiti kingine kimoja kimoja, bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Visahani 64 vinahitaji hatua 2⁶⁴ − 1 kamili. Ukipiga hatua moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka bilioni 584 na ushee, ilhali ulimwengu wote tunaoujua una miaka bilioni 13.8. Na kompyuta zinazoshika namba kwa biti 64 zinaishia hapo hapo: ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoenea humo, biti zote 64 zikiwa ni moja.

Basi na tuiache habari ya ukubwa. Ukubwa ndio unaosimuliwa zaidi kuhusu namba hii, na kwa maoni yangu ndio usio na mengi ya kufundisha. Namba kubwa zipo bila mwisho. Ukitaka iliyo kubwa kuliko hii, ongeza moja. Kinachonivuta ni umbo lake. Mwanzi mrefu hauhesabiwi kwa urefu tu, una pingili, na mwenye kujua pingili zilipo huupasua bila kutoa jasho. Namba hii nayo ina pingili.

Wa kutusaidia kuziona ni mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, aliyeandika hesabu ya punje hizi yapata mwaka 1000. Hakukaa akaongeza maradufu mara 64. Alichukua 16 akaizidisha kwa yenyewe, akapata 256. Akaizidisha 256 kwa yenyewe, ikawa 65,536. Hiyo nayo kwa yenyewe, ikawa 4,294,967,296. Mara ya nne, akafika kwenye 18,446,744,073,709,551,616, akatoa moja. Kuzidisha mara nne tu! Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya hesabu za mkono zenye adabu kuliko zote, kwa sababu aliyeifanya aliiheshimu namba kabla ya kuishambulia. Zishikeni hizo daraja nne alizopandia: 16, 256, 65,536, 4,294,967,296. Tutashuka kwa hizo hizo.

Andikeni 99 × 101. Jibu ni 9,999. Sasa andikeni 9,999 × 10,001. Jibu ni 99,999,999. Mnaona kinachotokea? Mraba wa namba yoyote ukipunguzwa moja, unagawanyika kuwa namba mbili: iliyo pungufu kwa moja ya ile uliyoipiga mraba, na iliyo zaidi kwa moja. Mraba wa 10 ni 100. Toa moja, 99, nayo ni 9 × 11. Ni kanuni mliyofundishwa mapema sana, ile ya tofauti ya miraba miwili, na pengine mliihifadhi kwa ajili ya mtihani tu. Hapa inafanya kazi yake halisi.

Namba yetu ni mraba wa 4,294,967,296 ukitoa moja. Kwa hiyo ni 4,294,967,295 × 4,294,967,297. Tumeshaikata pingili ya kwanza, na hatujagawa chochote. Ile ya kushoto nayo ni mraba wa 65,536 ukitoa moja: 65,535 × 65,537. Na 65,535 ni 255 × 257. Na 255 ni 15 × 17. Na 15, hata mtoto anajua, ni 3 × 5. Tukizikusanya zote:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297.

Hakikisheni kidogo kwa njia mnazozijua. Tarakimu za namba yetu zikijumlishwa zinatoa 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Inaishia na 5, basi 5 imo. Hayo mawili mngeweza kuyaona tangu nilipoiandika. Lakini 257? Na 65,537? Hizo huzioni kwa macho, unazifikia kwa kujua namba ilijengwaje.

Nikiulizwa kwa nini 7 haimo, jibu nalo ni la kupendeza, tuligeukie kidogo. Chukueni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila moja mkaigawe kwa 7 na kuandika kinachobaki. Mtapata 1, 2, 4, 1, 2, 4, mzunguko wa hatua tatu usiokoma. Ili 2⁶⁴ ibakize 1, na hivyo namba yetu igawanyike kwa 7, lazima 64 iwe imetimiza mizunguko mizima. Lakini 64 haigawanyiki kwa 3. Basi 7 iko nje. Kwa 11 mzunguko una hatua 10, kwa 13 una hatua 12; zote ziko nje. Kwa 17, yanayobaki ni 1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha 1 tena: hatua nane, na 64 ni nane mara nane. Kwa hiyo 17 imo. Mlango wa namba yetu unamfungukia tu yule ambaye mzunguko wake una hatua 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Wengine wote, hata wawe wadogo namna gani, hawaingii.

Sasa turudi kwenye zile namba sita. Kila moja ni mbili iliyopandishwa kwa kipeo ambacho chenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16 au 32, ikaongezewa moja. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa bingwa wa namba kuliko wote wa zama zake, aliandika kwamba anaamini kila namba ya umbo hili ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 alikuwa sahihi. Lakini uthibitisho hakuwa nao, na alilikiri hilo.

Ile ya sita, 4,294,967,297, ilikaa karibu karne nzima bila mtu kuigusa. Fikirini kazi yake: kuijaribu kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, nacho kinapita 65,536. Ni maelfu ya migawanyo kwa mkono. Mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Wengine husimulia habari hii kana kwamba ilikuwa bahati. Haikuwa. Ni ile hoja ya mizunguko tuliyotoka nayo sasa hivi. Namba tasa ikiigawa 4,294,967,297, basi mzunguko wake ni lazima uwe wa hatua 64 kamili, si chini ya hapo. Na mzunguko wa namba tasa daima huingia bila baki kwenye namba iliyo pungufu yake kwa moja. Kwa hiyo kigawo chochote tasa cha namba hii ni lazima kiwe zaidi kwa moja ya kigawe fulani cha 64. Orodhesheni: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoeni zisizo tasa; zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Maelfu ya majaribio yamegeuka matano, na la tano linafaulu. Bandu bandu huisha gogo, lakini mwenye shoka kali anajua pa kubandua.

Naomba niwaonyeshe uthibitisho wa 641 usiohitaji kugawa hata mara moja. Nilipoukuta mara ya kwanza niliuandika upya mara kadhaa kwa furaha tu, na hadi leo sijaona hoja fupi inayonipendeza kuliko hii.

Tazameni 641 kwa namna mbili. Kwanza ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 × 2⁷. Pili ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Tuchukue namba A, ambayo ni 641 × 2²⁸. Bila shaka inagawanyika kwa 641. Tukiifungua kwa ile namna ya pili, A ni 5⁴ × 2²⁸ kujumlisha 2³². Sasa tuchukue namba B, ambayo ni 640⁴ − 1. Kwa kanuni ya tofauti ya miraba, ikitumika mara mbili, B ina kigawo 640 + 1, kwa hiyo nayo inagawanyika kwa 641. Lakini 640⁴ si nyingine ila 5⁴ × 2²⁸. Toeni B kutoka kwa A. Zile 5⁴ × 2²⁸ zinafutana, na kinachobaki ni 2³² + 1. Namba mbili zinazogawanyika kwa 641, tofauti yao pia inagawanyika kwa 641. Imekwisha.

Mwenzake 641 ni 6,700,417, nayo ni namba tasa. Kwa hiyo namba yetu imefunguka kabisa:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417.

Vigawo tasa saba, hakuna hata kimoja kinachojirudia. Kwa kuwa kila kimoja unaweza kukichukua au kukiacha, vigawo vyake vyote kwa jumla, kuanzia 1 hadi yenyewe, ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mpaka zitimie mbili saba, yaani 128. Maradufu ya vyumba vya sataranji, ingawa hilo ni sadfa tu na sitaki mlitafutie siri.

Vile vitano vya Fermat vina kazi nyingine ambayo siwezi kuipita kimya. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zinazolingana linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, jambo ambalo tangu enzi za Wagiriki halikuwa limefanyika. Baadaye ikaonekana kwamba, kwa maumbo yenye pande witiri, linalochorika ni lile tu ambalo idadi ya pande zake ni zao la namba tasa za Fermat zisizorudiwa. Nusu ya mwisho ya uthibitisho huo ilikamilishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837. Kwa tano tunazozijua, yanapatikana maumbo 31. Lililo kubwa kuliko yote lina pande 4,294,967,295. Mmeiona namba hiyo leo: ni ile nusu ya kushoto tuliyoikata mwanzoni.

Na sasa niwaeleze kwa nini hasa nimeichagua namba hii. Hesabuni tena zile sita za Fermat: 3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297. Zao lake ni namba yetu. Ya saba katika mfululizo ni 2⁶⁴ + 1, yaani 18,446,744,073,709,551,617, iliyo mbele ya yetu kwa mbili tu. Mwaka 1730 Christian Goldbach alimwandikia Euler hoja inayotokana na hilo. Kama ya saba ingekuwa na kigawo kinachofanana na cha mojawapo ya zile sita, kigawo hicho kingeigawa namba yetu, na kingeigawa pia ile ya mbele, kwa hiyo kingeigawa tofauti yao, ambayo ni mbili. Lakini zote ni witiri. Basi haiwezekani. Ndivyo ilivyo kwa kila hatua ya mfululizo: kila namba ya Fermat inakuja na vigawo tasa vipya ambavyo waliotangulia hawana. Na kwa kuwa mfululizo hauishi, namba tasa nazo haziishi. Euclid alilithibitisha hilo kwa njia nyingine zaidi ya miaka 2,000 kabla, lakini hapa namba ya punje za Sissa inatoa ushahidi wake yenyewe.

Tazameni pia tofauti ya majirani hawa wawili. Yetu tumeifungua kwa dakika chache. Iliyo mbele yake kwa mbili, yenye tarakimu 20 vile vile, na ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na hii ila kwa tarakimu ya mwisho, haina tofauti ya miraba ya kushikia. Thomas Clausen aliifungua mwaka 1855 na kuieleza katika barua. Mwaka 1880 Fortuné Landry, mzee aliyepita miaka 80, akaifungua tena kwa kazi yake mwenyewe: 274,177 × 67,280,421,310,721. Hiyo ni karibu miaka 150 baada ya Euler kuipasua ile ya sita. Kujumlisha moja na kutoa moja ni kitendo kile kile kwa mkono, lakini kwa umbo la namba ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kazi mtakayoondoka nayo ni hii. Zidisheni namba yetu kwa jirani yake huyo. Mtapata 2¹²⁸ − 1, yenye tarakimu 39, na vigawo vyake tasa vyote tisa mnavyo tayari kwenye daftari zenu. Panda daraja moja zaidi, hadi 2²⁵⁶ − 1, na itawabidi mngoje hadi mwaka 1970, Michael Morrison na John Brillhart walipoifungua namba ya nane ya Fermat, 2¹²⁸ + 1, kwa kompyuta. Zilizofuata zilifunguka moja moja: ya tisa mwaka 1980, ya kumi mwaka 1990, ya kumi na mbili mwaka 1988, ya kumi na moja mwaka 1995. Kwa hiyo hadi 2⁴⁰⁹⁶ − 1 hakuna kilichofichika.

Inayofuata ni 2⁴⁰⁹⁶ + 1. Ivan Pervushin, padri wa Urusi, alishaonyesha mwaka 1877, bila mashine, kwamba 114,689 inaigawa. Hadi sasa, pamoja na hicho, vigawo vyake tasa sita vimepatikana. Kilichobaki kina tarakimu 1,133, inajulikana kwamba si namba tasa, na bado hakijafunguliwa na mtu yeyote.